Mito Saba Katika Maji ya Mwanza

Safari hii ilianzia darasani, kwa swali ambalo sikuweza kulijibu. Wakati huo nilikuwa nafundisha somo la dini za ulimwengu katika chuo kimoja cha ualimu mkoani Kagera. Siku hiyo nilikuwa nimeandika ubaoni mafundisho makuu ya dini ya Kihindu: roho isiyokufa, matendo ya mtu na matunda yake, heshima kwa uhai wa kila kiumbe. Msichana mmoja kutoka Muleba akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hayo ya vitabuni tumeyaelewa. Lakini hawa Wahindu tunaowaona Mwanza madukani, wanaishi nayo vipi?"

Nilikuwa nimesoma India, katika mji wa Pune, miaka kadhaa kwa ufadhili wa serikali. Huko nilijifunza Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko yao, mpaka nikaweza kuisoma bila kushika kamusi. Nilijua watu wa kale waliandika nini juu ya maji, moto na kifo. Lakini Wahindu wa ng'ambo ya ziwa letu, waliokuwa majirani zetu tangu enzi za babu zangu, niliwafahamu kwa kununua kwao sukari na vitenge tu.

Basi nikaandika barua kwenye hekalu lao la Mwanza. Nikaeleza kwamba mimi ni mtafiti, Mhaya na Mlutheri, na kwamba ningependa kuona jinsi maandiko yale ya kale yanavyotumika katika maisha ya leo. Aliyenijibu ni mzee mmoja wa hekalu, Mzee Jayanti, mfanyabiashara. Alinikaribisha kwa Kiswahili kizuri: njoo wakati wa likizo, utafikia kwetu, mke wangu atafurahi. Chuo kikaniruhusu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na kila aliyeweza alikuwa anakwenda Mwanza kununua kitu.

Bandarini Bukoba, jioni ya kuondoka, mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa gatini kama ukuta. Wachuuzi walikuwa wakigombea nafasi ya kuiingiza melini kabla ya abiria. Mimi nilikuwa na begi moja na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, zawadi ya kuwapelekea wenyeji wangu. Rafiki yangu mmoja alikuja kunisindikiza akaniletea na senene wa kukaanga, wale panzi tunaowapenda kwetu. Nikamwambia watu ninaokwenda kwao hawali kitu chochote kilichowahi kupumua. Akanitazama kwa huruma. "Sasa utakula nini huko, Koku?" Tukawamaliza pale pale, tumesimama.

Alfajiri, mlangoni mwa ghuba ya Mwanza, nilitoka sitahani nikiwa nimejifunga kanga mabegani. Mtu aliyezoea miinuko ya kijani ya Bukoba hawezi kujiandaa kwa mawe ya Mwanza. Yamekaa juu ya vilima na ndani ya maji, makubwa kuliko nyumba, mengine yamebebana matatu matatu, na la juu limegusa la chini kwa sehemu ndogo tu, kama mtu aliyesimama kwa ncha ya kidole. Jua lilipochomoza yakawa rangi ya asali. Abiria waliokuwa wakipiga kelele tangu Bukoba walinyamaza wenyewe, na meli ikapita katikati ya ukimya huo.

Gatini nilimtafuta mzee niliyemtarajia, mwenye nywele nyeupe na koti. Aliyekuja kunipokea alikuwa mwanamume wa umri wangu, amevaa suruali ya jinzi. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na nywele ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuota.

"Wewe ndiye Mwalimu Koku? Mimi naitwa Kirit. Mtoto wa Mzee Jayanti."

Nikakitazama tena kichwa kile. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua maana yake. Mtoto wa kiume wa Kihindu hunyoa hivyo anapofiwa na mzazi.

"Baba amefariki," alisema, akalichukua begi langu. "Mwezi umepita. Alikuwa dukani, akakaa kwenye kiti, basi."

Nilimwambia nitatafuta nyumba ya wageni, nisiwasumbue katika msiba. Akatikisa kichwa. "Mama hatakubali. Amekwisha pika."

Nyumbani kwao kulikuwa ghorofani, katikati ya mji, juu ya mtaa wa maduka. Mama Kusum alinisubiri juu ya ngazi, amevaa sari nyeupe ya ujane. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mama. Pole sana. Sikujua."

"Marahaba, mwanangu. Ungejuaje?" Akanishika mikono yote miwili. "Mgeni wa mume wangu ni mgeni wangu. Ingia."

Kiswahili chake kilikuwa na mwinuko wa sauti nilioufahamu lakini siyo kutoka kwa Wahindi. Nilipomuuliza, alicheka kwa mara ya kwanza. Alizaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, baba yake akiwa na duka huko, na lugha ya kwanza aliyocheza nayo nje ya nyumba ilikuwa Kikerewe. Mume wake alizaliwa hapa hapa Mwanza na alifanya kazi ya pamba tangu ujana wake, mpaka viwanda vilipochukuliwa na serikali. Hapo akaanza kuuza pampu za maji na vipuri vya mashine za kusaga. Watoto wa ndugu zao walikwenda Uingereza wote. Kirit naye alipelekwa Leicester akiwa bado mvulana wa shule, akakulia huko. Alirudi mwaka uliotangulia, biashara ilipokuwa imefunguliwa, kumsaidia baba yake kupanua duka.

Mezani tulikula chapati laini, dengu, bamia na mtindi. Kahawa ya kutafuna Mama Kusum aliitia mdomoni bila kuuliza. "Nansio tulikuwa tunaipata kutoka kwenu," alisema. Kirit alijaribu, akaitema kwenye kiganja, na sote tukacheka.

Kisha yeye akasema, bila kumtazama mama yake: "Jumamosi ijayo nitaondoka na Baba."

Sikuelewa. Mama Kusum ndiye aliyenieleza. Mwili wa mumewe ulichomwa kwa moto wa kuni kama desturi yao inavyotaka. Majivu na mifupa iliyobaki vilitiwa kwenye chungu, kikafungwa kitambaa chekundu na kuwekwa katika chumba kidogo uani hekaluni, kwa sababu majivu hayaingizwi nyumbani. Yalikuwa yanasubiri kutiwa majini. Kirit alikuwa amekata tiketi ya kwenda Bombay, India, na kutoka huko angepanda treni hadi Mto Ganga, mto wao mtakatifu.

"Baba yako hakusema Ganga," Mama Kusum alisema.

"Hakusema popote, Ba. Hakupata muda." Ba ndilo neno lao la kumwita mama. "Lakini Babu alipofariki, Baba alimbeba mwenyewe, kwa meli, mpaka Ganga. Alifunga kazi miezi. Mimi napanda ndege tu. Nitashindwaje kumfanyia alichomfanyia baba yake?"

"Babu yako alizaliwa kule. Baba yako amezaliwa hapa."

"Hapa pana nini, Ba? Umeliona ziwa siku hizi? Magugu maji, mafuta ya meli, maji machafu ya mji mzima. Nimtie Baba humo?"

Mama Kusum alijaribu kuinuka, akakaa tena. "Magoti yangu haya hayapandi ndege," alisema taratibu. "Ukimpeleka huko, sitajua alipoingilia majini."

Nilikaa kati yao, kijiko mkononi. Nilikuwa nimekuja kutafuta jinsi maandiko yanavyoishi leo, na nilijua kwamba nilikuwa nimeyakuta mezani. Lakini sikufurahi. Nilijiona kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Jumapili asubuhi tulikwenda hekaluni. Panditji, kuhani wao, alikuwa kijana mwembamba aliyeletwa kutoka Gujarat, India, kwa mkataba, na Kiswahili chake hakikuzidi salamu. Tulivua viatu tukaketi sakafuni, wanawake upande huu, wanaume ule. Palikuwa na kila aina ya watu: wenye maduka, fundi wa redio, daktari wa meno, wasichana wa sekondari wenye sketi za shule. Chumba cha pili watoto walikuwa wamewekewa kanda ya video yenye hadithi za miungu, na mishale ya kwenye televisheni ilisikika ikivuma.

Umeme ukakatika. Mishale ikanyamaza, feni zikasimama, na katika joto lile wanawake wakaanza kuimba.

Niliyajua maneno. Pune nilikuwa nimekaa na aya ile wiki nzima, nikiichambua kama fundi anavyochambua saa: mzizi wa kitenzi huu, kiambishi hiki, hapa sauti mbili zimeungana. Nilipata alama nzuri sana. Lakini sasa niliisikia ikitoka kwa mama mwenye simu ya mezani dukani na deni la kodi ya pango, naye haisomi, ila anaisema kama anavyosema jina la mtoto wake. Watu waliotunga maneno yale hawakuwa wamesikia habari za ziwa hili. Maneno yalivuka bahari na miaka isiyohesabika, yakapanda reli, yakafika hapa yakiwa mazima. Mama Kusum aliniangalia, akaona nasogeza midomo.

"Unajua?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Najua, Mama."

Akaendelea kuimba, lakini mkono wake alikuwa ameuweka juu ya wangu.

Jumanne nilikwenda Mkuyuni, upande mwingine wa mji, ambako Kirit alikuwa amefungua tawi jipya la duka. Mtaa mzima ulikuwa unanuka rangi mbichi. Redio za kaseti, sabuni za kila aina, baiskeli, mafuta ya kupikia, vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni, sasa vilikuwa vimemwagika mpaka kibarazani. Juu ya kaunta, pembeni ya leseni ya biashara, palikuwa na picha ya Ganesha, mungu wao mwenye kichwa cha tembo anayeondoa vikwazo, na ua la plastiki.

"Hiyo aliiweka Baba siku ya kufungua," Kirit alisema. "Mimi kazi yangu ni kuifuta vumbi."

Nilimuuliza kama anasali.

"Nakumbuka sauti tu, Mwalimu. Maana sijui. Nilipelekwa Leicester kabla sijafundishwa maana, na kule niliona aibu kuuliza." Alichezea funguo. "Watu wanadhani nampeleka Baba Ganga kwa sababu mimi ni mcha Mungu. Hapana. Naogopa. Baba alikuwa anajua kila kitu cha kufanya, mimi sijui chochote. Ganga angalau kila mtu anakubali kwamba ni sahihi. Huko sitakosea."

Maneno hayo yaliniingia. Mpaka hapo nilikuwa nimeegemea upande wa mama yake, na sasa sikuwa na upande.

Jumatano alasiri Panditji alikuja nyumbani, kwa sababu Mama Kusum alimwita. Tulikaa sebuleni. Walizungumza Kigujarati, kisha Kirit akanitafsiria. Kuhani alisema kwamba maandiko yanausifu Mto Ganga kuliko maji yote, na kwamba kwa desturi mtoto wa kiume ndiye mwenye kuamua. Lakini alipofika hapo alisita, akanitazama, akanisemesha kwa Kisanskriti. Alikuwa ameambiwa habari zangu na wanawake wa Jumapili hekaluni.

Aliniuliza kama ni kweli nimesoma. Nikamjibu kwa lugha ile ile, polepole, kwa makosa yangu. Mama Kusum aliweka kiganja mdomoni. Kirit alisimama, akakaa.

"Basi wewe tuambie," Mama Kusum alisema. "Umesoma vyote, na huna ndugu katika hili. Ziwa au Ganga?"

"Mama, siwezi. Mimi si wa dini yenu. Nikihukumu hapa nitakuwa nimevunja heshima ya nyumba hii."

"Sikuulizi uhukumu."

Nilifikiri. Asubuhi zote nilizolala pale nilikuwa nimemsikia Mama Kusum bafuni. Kabla ya kujimwagia maji kutoka kwenye ndoo alikuwa akisema maneno machache, haraka, kama mtu anayebisha hodi. Ni dua fupi ambayo Wahindu wengi huijua tangu utoto.

"Naomba nifanye ninachokiweza," nilisema. "Ile dua ya kuogea, unayoisema kila asubuhi. Niwatafsirie kwa Kiswahili. Kwa sababu Kiswahili sote tuliomo humu tunakielewa, isipokuwa Panditji, na yeye haihitaji tafsiri."

Kirit aliinua kichwa. "Ile? Ile naijua. Baba alikuwa anaisema."

"Unajua inasemaje?"

"Sijui."

Basi nikawaeleza, neno kwa neno. Dua ile inaita mito saba mikubwa ya India, mmoja baada ya mwingine, kwa majina, kama mama anavyowaita watoto wakale. Ganga ni wa kwanza. Kisha inaiomba mito yote ije ikae ndani ya maji haya. Nikawaambia kwamba katika lugha ile kuna njia ya kusema "maji yale" ya mbali na "maji haya" yaliyo mbele yako, na kwamba dua inasema haya. Haisemi ni maji ya wapi. Ni yale aliyonayo mtu mkononi.

Chini mtaani mtu alikuwa anapiga honi.

Mama Kusum ndiye aliyesema kwanza, taratibu sana. "Maji ya bomba letu yanatoka ziwani."

"Ndiyo, Mama."

"Nimeiita mito hii kwenye ndoo tangu Nansio, sijaacha hata siku moja. Na Jayanti vivyo hivyo." Akamgeukia mwanawe, macho yamejaa machozi. "Kirit. Kama haikuwa inakuja, tulikuwa tunamwita nani?"

Kirit alichukua funguo zake akatoka. Panditji alibaki amekaa, viganja vimekutana mbele ya kifua, anaangalia sakafu. Nilikwenda jikoni kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Nilijuta kufungua mdomo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nakunywa chai Kirit alipotoka bafuni, nguo safi, maji yakimchuruzika shingoni. Alisimama mlangoni mwa jikoni, ambako mama yake alikuwa anakanda unga.

"Ba, leo nimeisema."

Mama Kusum hakugeuka.

"Nilikuwa nadhani nimeisahau. Nilipochota maji tu ikaja yenyewe, yote. Lakini haikuja kwa sauti yangu. Nilimsikia Baba. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa nje ya mlango huo huo nikimsubiri amalize, nikisikia maji na yale majina." Akajifuta maji shingoni. "Miaka yote aliisema hapa hapa, kwa maji ya ziwa hili. Twende ziwani. Na wewe uje. Utaona anapoingilia."

Mama Kusum aliendelea kukanda unga kwa muda mrefu, mpaka ukawa laini kupita kiasi. Kisha akaosha mikono.

Pasiansi, ukingoni mwa ziwa, tulipata mashua yenye injini. Mwenyewe alikuwa Bwana Masatu, mtu wa Ukerewe. Alipomsikia Mama Kusum akimsalimia kwa lugha ya kwao alishtuka, kisha wakazungumza kama ndugu waliopoteana. Yeye na Kirit walimbeba mama yule kumwingiza chomboni, mikono yake juu ya mabega yao. Panditji alikaa mbele na maziwa, ufuta, wali na maua ya njano. Kirit alikishika chungu mapajani. Mimi nilisema nitabaki nchi kavu.

"Panda," Mama Kusum alisema. "Wewe ndiye uliyetufungulia maneno."

Tulipoondoka ufukweni magugu maji yakatuzuia. Yalikuwa yametanda kama shamba, na maua yake ya zambarau. Injini ikakwama, Bwana Masatu akaizima, akachukua kasia. Kirit aliyaangalia yale majani, akakaza uso. Nikajua anakumbuka aliyoyasema mezani kuhusu uchafu. Nilidhani atasema turudi. Badala yake alimpa mama yake chungu, akavua shati, akainama ukingoni mwa mashua na kuanza kuyang'oa magugu kwa mikono, mafungu kwa mafungu, akiyatupa nyuma yetu. Panditji naye akakunja mikono ya kanzu yake. Nami nikainama. Tulilowa mpaka viunoni, tunahema, hatuongei. Mama Kusum amekaa katikati, amemkumbatia mumewe.

Ghafla mashua ikateleza mbele, tukawa kwenye maji ya wazi.

Sijui niyaelezeje maji yale. Nimezaliwa kando ya ziwa hili, nimeoga humo, nimefua humo, na siku hiyo niliona kama sijawahi kuliona. Lilikuwa tulivu na pana bila mwisho, bluu iliyokolea, na nyuma yetu mawe ya Mwanza yalikuwa yamekaa yanatazama. Upepo haukuwepo. Panditji alianza kusoma, na sauti yake, ambayo ndani ya hekalu niliiona nyembamba, ilienda mbali juu ya maji, hakuna cha kuizuia.

Kirit alifungua kitambaa chekundu. Panditji alimwongoza, wali kwanza, ufuta, maziwa, kisha akamwonyesha kwa kichwa: sasa. Majivu yalipogusa maji hayakuzama mara moja. Yalitanda, meupe, yakazungukwa na maua, na mashua yetu ikawa imeelea katikati yake. Mama Kusum alitia mkono majini mpaka kiwiko. Akaisema dua. Safari hii hakuiharakisha. Aliita mito saba, mmoja mmoja, akisubiri baada ya kila jina.

Alipomaliza wa saba hakunyamaza.

"Simiyu," alisema. "Mara." Akanitazama. "Kagera. Na ninyi njooni. Mpokeeni, mnamjua."

Panditji alinyanyua uso. Mito hiyo mitatu inayomwaga maji katika ziwa letu haimo kwenye maandiko yoyote, na yeye na mimi tulikuwa watu wawili tu pale tuliojua hivyo kwa hakika. Niliona anapambana na nafsi yake. Kisha akainamisha kichwa, akachota maji kwa viganja, na kwa ulimi wake wa Kigujarati, akijikwaa, akarudia: Simiyu, Mara, Kagera.

Nililia. Nilikuwa nimesoma miaka kadhaa jinsi maandiko yalivyoundwa na watu ambao majina yao yamepotea, na sikuwahi kufikiri kwamba ningekaa kwenye mashua na mmoja wao.

Bwana Masatu alivua kofia. Hatukuondoka mpaka maua yote yalipotawanyika.

Jumamosi, badala ya Kirit kupanda ndege, mimi nilipanda meli. Yeye na mama yake walikuja bandarini, ingawa nilimsihi mama asihangaike na magoti yake. Kirit aliniomba nimwandikie maana ya dua nyingine, kila nitakapopata nafasi, kwa Kiswahili. "Siyo kwa Kiingereza," alisisitiza. "Kwa Kiingereza nitazielewa tu." Mama Kusum alinifungia chapati na kachumbari ya embe. Wakati meli inajivuta kutoka gatini nilimwona akimwelekezea mwanawe kidole, kaskazini, upande wa Pasiansi, mahali fulani majini ambapo mtu mwingine asingeona kitu.

Nimejifunza nini? Nilikwenda Mwanza nikidhani maandiko ni kitu kilichokamilika zamani, na kwamba kazi yangu ni kupima kiasi gani kimebaki kwa watu wa leo, kama mtu anayepima maji yaliyobaki kwenye pipa. Nikakuta hakijakamilika bado. Kinaendelea kutungwa jikoni na bafuni, na watu wenye maduka na maumivu ya magoti, pale wanapolazimika kuchagua. Na nimejifunza kwamba kutafsiri si kazi ya karatasi. Ukiliweka neno katika lugha ambayo mtu alichezea utotoni, huwezi kujua litafungua nini.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kyaka kumsalimia shangazi yangu, mama mtu mzima ambaye ameishi karibu na Mto Kagera maisha yake yote. Tulishuka pamoja mtoni kuchota maji. Siku hiyo mto ulikuwa umejaa, mzito, rangi ya udongo, na unakwenda kwa kasi kuelekea ziwani. Nikamsimulia habari ya mzee wa Kihindu na majivu yake, na jinsi mjane wake alivyoutaja mto wetu kwa jina, akauomba uje msibani.

Shangazi alisimamisha ndoo. Alisikiliza mpaka mwisho, akiyaangalia maji.

"Na mto ulikwenda?" aliniuliza.

"Shangazi," nilimwambia, "ulikuwa umeshafika kabla hajauita."